Mwindaji wa Vumbi la Baba Dogo

Wasomaji wa gazeti hili wamezoea kuletewa habari za safari ndefu. Huyu amepanda Kilimanjaro, yule ameiona Mombasa na meli zake, na mwingine amelivuka Ziwa hata kufika Uganda. Mimi ni karani tu, na likizo yangu ya mwaka huu niliimaliza nyumbani kwa sababu ya karo ya watoto. Kwa hiyo safari ninayotaka kuieleza haikuzidi hatua kumi na mbili, yaani kutoka kizingiti cha chumba changu hata mwisho wa ukuta wa ploti tunayokaa, katika mtaa wa Baba Dogo, mashariki ya jiji la Nairobi. Hata hivyo, katika hatua hizo nilikuta mambo ambayo kama ningaliyakuta katika mbuga ya wanyama ningalilipa kiingilio ili kuyatazama.

Yafaa kwanza nieleze mahali penyewe. Mtu atokaye mjini huifuata barabara ya Thika, akaingia ile ya Outer Ring, kisha hugeuka katika barabara iitwayo Baba Dogo. Jina hili humchekesha mgeni, maana baba mdogo ni ndugu ya baba, na wageni hupenda kuuliza yuko wapi basi baba mkubwa. Viwanda viko kando ya barabara, na alfajiri watu wengi huja kwa miguu kutoka Korogocho, Kariadudu na Lucky Summer, wakasimama malangoni kungojea kuitwa kazi ya siku. Nyuma ya viwanda ndipo zilipo nyumba, nyingine za mawe na ghorofa, nyingine za mabati, zimesongamana hata mtu aweza kusikia jirani akikoroga chai. Udongo wa asili wa upande huu ni ule mweusi, ambao wakati wa mvua hushika viatu na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Lakini chini ya kuta hauonekani tena, kwa kuwa umefunikwa na mchanga uliosalia mafundi walipojenga.

Mchanga huo naujua. Mwingi katika mchanga unaojenga Nairobi huletwa kwa malori kutoka mito ya Machakos na Kajiado, nami ni mtu wa Machakos. Naweza kusema kwamba kabla sijahamia Baba Dogo mchanga wa kwetu ulinitangulia.

Ploti yetu ina vyumba tisa kwa safu moja, na mabati ya paa yametokeza mbele ya ukuta kwa kiasi cha mkono mmoja na nusu. Chini ya mabati hayo kuna ukanda wa vumbi ambao haulowi hata katika mvua za masika. Ni hapo watoto huchezea, kuku hujiogesha vumbi, na akina mama huketi kuchambua mboga. Na ni hapo ugomvi ulipoanzia.

Mwezi wa pili mwaka huu mtoto wa jirani alirudi kutoka kwa jamaa zake mashambani, naye anachechemea. Mama yake alipomvua viatu aliona funza katika vidole vitatu. Habari zilienea katika ploti kabla chai haijachemka. Nyanya anayekaa chumba cha kwanza, ambaye kwa umri na kwa ukali ndiye mkubwa wetu sote, alitoka na ufagio akaukagua ukanda ule wa vumbi kutoka mwanzo hata mwisho. Akakuta vishimo vidogo vya duara, vilivyochongoka chini kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa, vingine vyembamba kama kidole, vingine vyenye upana wa kinywa cha kikombe. Vilikuwa zaidi ya arobaini. Akasema, “Haya ndiyo mashimo yao. Tumekaa juu ya funza mwaka mzima bila kujua.”

Nilipotoka kazini jioni nilimkuta na birika la maji yanayochemka, na wanawake wanne nyuma yake. Kwangu walitaka jambo moja, kwamba niandike barua kwa mwenye ploti kumtaka atie saruji ukanda ule, na katika barua hiyo nieleze ya kuwa nyumba yake imezalisha funza na kwamba mashimo yao yameonekana kwa macho.

Sasa mimi kwa kazi yangu huandika barua nyingi, na najua kwamba neno likisha tiwa sahihi halirudi. Vishimo vile nilikuwa nimeviona mara nyingi nilipokuwa mtoto, na moyo wangu uliniambia si vya funza. Nikasema, “Nyanya, nipe mpaka Jumapili nichunguze.” Akanijibu, “Karani, funza hawajui Jumapili.” Walakini alilishusha birika.

Siku ya Jumamosi mchana mimi na binti yangu wa miaka tisa tulitandika gunia tukalala kifudifudi mbele ya ukuta. Majirani walipita wakitucheka, na mmoja aliuliza kama karani amepoteza funguo.

Hatukungoja sana. Sisimizi mmoja mwekundu alikuja mbio, akakanyaga ukingo wa kishimo, na mara mchanga ukateleza chini yake. Alijitahidi kupanda, na kila alipopanda hatua mbili alirudi tatu. Ndipo kule chini kabisa mchanga ukaruka juu kama uliotupwa kwa koleo la fundi, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, ukamwangukia. Ukuta wa kishimo ukaporomoka pamoja naye. Kisha koleo mbili nyembamba zikatokea mchangani, zikamkamata kiunoni, naye akavutwa chini akatoweka. Binti yangu hakusema neno. Baada ya kitambo ganda la sisimizi likarushwa nje ya shimo, limekauka, jepesi kama kishungi cha mahindi.

Wazungu humwita mdudu huyu simba wa sisimizi, na kila kabila nililoishi nalo lina jina lake kwake. Ulimwenguni jamii yake ina aina zipatazo 2,000, na si zote zichimbazo mashimo, maana nyingine hujificha tu mchangani zikavizia. Mfaransa mmoja, de Réaumur, alichapisha habari zake ndefu mwaka 1742, akieleza yale yale tuliyoyaona mimi na binti yangu juu ya gunia.

Nilimchota mmoja kwa kijiko nikamweka katika sahani. Yeye si mdudu mzima bado, ni buu. Ukubwa wake kama punje ndogo ya mahindi, rangi yake kama vumbi lenyewe, tumbo nene lenye mikunjo na nywele ngumu zinazomshikiza mchangani, kichwa bapa, na mbele ya kichwa koleo mbili zilizopinda kama mundu. Nilipomgusa alikwenda kinyumenyume. Kwenda mbele hajui, hata kama chakula kiko mbele yake.

Tulipomrudishia mchanga katika sahani, alitufanyia kazi yake yote mbele ya macho yetu. Alirudi nyuma akizunguka duara, ncha ya tumbo lake ikilima kama jembe, na mchanga uliomwangukia kichwani aliurusha nje kwa kutikisa kichwa. Kila mzunguko ulikuwa mdogo kuliko uliotangulia, na kila mara shimo likazidi kwenda chini, hata akafika katikati akajizika, zikabaki koleo tu. Punje kubwa za mchanga huruka mbali zaidi wakati huo, na zile laini hubaki kuutandika ukuta wa shimo, na huo ulaini ndio unaowatelezesha wapitao.

Jambo hili la mteremko lilinikumbusha miaka yangu miwili niliyokuwa karani katika ghala ya mahindi. Ukimimina mahindi sakafuni, lundo hupanda hata lifike mteremko fulani, kisha hukataa kuwa mkali zaidi, na punje utakayoiongeza huporomoka na wenzake. Mchanga mkavu nao una mteremko wake. Mdudu huyu huuchimba ukuta wake mpaka katika kiasi hicho hicho ambacho ukiongezwa uzito wa sisimizi hauwezi kustahimili. Hatumii gundi wala utando kama wa buibui. Basi mtego wake haufanyi kazi ila mahali pakavu. Mvua ikiugusa mchanga, punje hushikamana, na sisimizi hupita kama mtu apitaye barabara ya lami. Ndiyo sababu katika Baba Dogo yote humpati barabarani wala uwanjani, bali chini ya mabati yaliyotokeza. Pengine huyu aliletwa na lori la mchanga, au mama yake alikuja mwenyewe usiku akataga hapo. Kwa vyovyote, msitu wake ni upenu wetu.

Mtego ukisha tikisika, buu huhisi mtikisiko huo kwa nywele za mwili wake, hana haja ya kuona. Koleo zake zina njia ndani kama mrija. Kwa njia hiyo hutia ndani ya sisimizi sumu pamoja na maji ya kuyeyusha nyama, na kwa njia hiyo hiyo huinywa ile nyama iliyoyeyuka. Sisimizi nao si wajinga wote. Huko Ulaya wameonekana baadhi yao wakimkimbilia mwenzao aliyekamatwa, wakafukua mchanga na kumvuta miguu. Wa Baba Dogo sikuwaona wakifanya hivyo, kila mmoja alikuwa na haraka zake.

Katika shule ya misheni tulifundishwa kumheshimu sisimizi kwa bidii yake, na mvivu alitumwa kwake akajifunze. Hatukuambiwa habari za huyu aketiye chini ya shimo akiwangoja wenye bidii. Lakini nisimwonee. Kishimo kikiharibiwa na kuku mara tano kwa siku, hukijenga mara tano, na chakula kikikosekana aweza kukaa miezi bila kula.

Binti yangu alikuwa na swali lake. “Baba, kama anakula na kunywa mle mle shimoni, anajisaidia wapi?”

Nalicheka, kisha nikakumbuka kwamba swali hili lina jibu la ajabu kuliko yote. Hajisaidii. Tumbo la buu huyu halina njia ya kutokea nyuma. Kwa kuwa hunywa nyama iliyokwisha yeyuka, mabaki yake ni machache, naye huyaweka ndani ya mwili wake muda wote wa ubuu wake, nao huweza kuwa mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, kwa kadiri ya chakula. Hata siku yake inapofika, kutoka nyuma hutoa uzi wa hariri, akajishonea kifukofuko cha mviringo kilichoshikamana na mchanga, mtu asiyejua hukidhani kijiwe. Humo hulala majuma kadhaa akigeuka. Atokapo ana mabawa manne marefu yaliyo kama wavu mwembamba, mwili mrefu, na vipapasio vyenye vinundu mwishoni. Ndipo anapoyatoa yale mabaki ya siku zote. Watu wengi wamemwona usiku akizunguka taa kwa kuruka kwa ulegevu, wakamdhani kereng'ende. Kereng'ende ni mtu wa mchana na maji, na vipapasio vyake ni vifupi kama ncha ya sindano. Huyu huishi majuma machache tu, hutaga mchangani, akafa.

Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyetuonyesha tofauti hiyo, jioni moja chini ya taa ya bweni. Naye ndiye aliyetutajia kwa mara ya kwanza jina la Thomas Odhiambo, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1931, akasoma Maseno, Makerere na Cambridge, kisha mwaka 1970 akaanzisha hapa Nairobi kituo cha kimataifa cha uchunguzi wa wadudu kiitwacho icipe. Odhiambo alifariki mwaka 2003, lakini kituo chake kiko Kasarani, kilomita chache tu kutoka Baba Dogo, mahali palipopewa jina la Duduville. Mara nyingi nimepita njia hiyo katika matatu nikifikiri kwamba sisi wa upande huu ni majirani wa wataalamu wa wadudu, na bado twawamwagia maji ya moto tusiowajua.

Nisiseme hivyo kana kwamba akina mama walikuwa na makosa, maana funza ni adui wa kweli. Hakuwa mwenyeji wa Afrika. Aliletwa kutoka Brazil hata Angola mwaka 1872 kwa meli iitwayo Thomas Mitchell, na kabla ya karne hiyo kwisha alikuwa amekwisha kuvuka bara zima hata pwani yetu ya mashariki, miguuni mwa wapagazi na askari. Yeye hachimbi shimo lolote linaloonekana. Jike huingia katika ngozi ya mguu, huvimba kama mbegu ya njegere, na mayai yake humwagika chini. Watoto wake hukulia katika vumbi kavu, lile lile lililo chini ya mabati. Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo juu yake mwaka 2014, na neno moja lijulikanalo kila mahali ni hili: sakafu ya udongo ikitiwa saruji, na watoto wakivaa viatu, funza hukosa makao.

Hapo ndipo nilipopata taabu ya moyo. Vishimo havikuwa vya funza, lakini vumbi lile lilikuwa hatari kwa kweli. Ningesema, “Nyanya, si funza,” labda hakuna ambaye angeitaka saruji tena, na mtoto mwingine angeumia. Ningeandika kama nilivyoambiwa, saruji ingekuja upesi, lakini ningekuwa nimetia sahihi uongo. Nilijaribiwa pia na uongo wa tatu, uliokuwa mtamu zaidi, wa kusema kwamba mdudu huyu hula funza, ili wamwache. Sikuwahi kumwona akimla.

Jumapili baada ya ibada walikusanyika. Niliwaeleza yote, na nilipoona macho ya nyanya bado ni makali, nikachota buu mmoja nikamtia katika kiganja changu. Nyanya akainama, akamtazama akirudi nyuma katika mistari ya mkono wangu. Mara akajishika mdomo akaanza kucheka hata machozi.

“Huyu!” akasema. “Mbona hukusema ni huyu?”

Kumbe alikuwa anamjua tangu usichana wake, ila hakuwahi kujua kwamba vishimo vile vya ploti ni vyake. Huko kwao wasichana wadogo walikuwa wakimtafuta mchangani na kumweka kifuani awaume, wakiamini kwamba matiti yataota upesi. Desturi hiyo imekuwako sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na wasichana wengine humtumia mdudu wa majini kwa kazi hiyo hiyo. Mama mmoja kijana akamwuliza, “Na yaliota, nyanya?” Jibu alilolitoa halifai kuandikwa katika gazeti, lakini ugomvi wa vishimo ulikwisha hapo.

Barua niliiandika usiku ule. Nilisema kwamba mtoto mmoja wa ploti ameonekana na funza aliowapata kwingine, kwamba vumbi la chini ya ukuta laweza kuwakuza wakianguka hapo, na kwamba wapangaji wote tisa waomba saruji kabla ya mvua za masika. Juu ya vishimo sikuandika neno. Nyanya alitaka barua isomwe mbele yake kabla ya kutiwa katika bahasha. Nilipomaliza alisema ni barua baridi, kisha akaweka alama ya kidole chake cha kwanza chini ya jina langu, ingawa sikumwomba.

Mwenye ploti alikawia majuma matatu, akaleta mifuko ya saruji na fundi mmoja. Siku moja kabla ya fundi kuanza, watoto wote wa ploti walipewa vijiko. Tulipata mabuu thelathini na mmoja, tukawachukua katika karai hata nyuma ya ghala moja ya mbao, mahali pakavu pasipochezwa na watoto, tukawamwaga humo pamoja na mchanga wao. Asubuhi iliyofuata nilipopita kwenda kazini niliona vishimo saba vipya. Wengine labda walikuwa chini wakingoja, au kuku walitangulia.

Sasa ukanda wetu ni mweupe na mgumu, waoshwa kwa maji kila Jumamosi, na mtoto aliyekuwa akichechemea anaruka kamba juu yake. Watatu tuliwabakiza katika mkebe wa mafuta ya kupikia, dirishani kwetu. Binti yangu huwaletea sisimizi kutoka kwenye sukari, na hesabu yake anaiandika katika daftari la zamani la ofisi yangu. Mmoja ameacha shimo lake tangu majuma mawili, mchanga umesawazika, wala hatoki. Tulipofukua kidogo tuliona kijiwe cha mviringo, tukafunika tena haraka. Nyanya kila apitapo na ndoo yake husimama dirishani akauliza, “Karani, mgeni wetu ameamka?” nasi humjibu kwamba bado.